Kombe Tulilolifunika

Orodha za mahudhurio nilizichoma kwa kuambiwa. Daftari la fedha nililichoma kwa akili yangu mwenyewe.

Mwenyekiti alinipigia simu usiku, akasema maneno matatu tu: "Wanakuja. Safisha ofisi." Nilikuwa mhazini wa kikundi chetu cha kutetea haki za mashoga na wasagaji, mwaka wangu wa sita huo, na nilijua kusafisha maana yake nini. Kabatini kulikuwa na orodha za warsha zenye majina, namba za simu na saini. Pale ambapo sheria inakufanya mhalifu kwa sababu ya unayempenda, karatasi ya namna hiyo ikiwafikia polisi hawana haja ya kupeleleza tena, umeshawapelelezea. Nikazitia zote kwenye ndoo ya bati, nikamwaga mafuta ya taa, nikawasha. Kwa hilo sijuti hata leo. Kisha nikarudi ndani, nikalichukua daftari la fungu la dharura, ambalo halikuwa na saini ya mshiriki hata mmoja, nalo nikalitia motoni.

Polisi hawakuja usiku ule, wala uliofuata. Ulikuwa uvumi tu. Nikabaki na ndoo ya majivu na nafuu fulani moyoni ambayo niliipa jina la usalama.

Fungu la dharura lilikuwa la mtu aliyefukuzwa kwao akiwa hana pa kulala, au aliyekamatwa akihitaji dhamana, au aliyepigwa akihitaji matibabu ambayo asingeweza kuyaeleza nyumbani. Fedha zake zilitoka kwenye michango yetu na sehemu ndogo ya ruzuku. Mwenyekiti alikuwa amechukua mara tatu. Mimi nilichukua mara mbili, kodi ya nyumba ikiwa imenikaba, nikarudisha mara moja. Yote tuliiita kuazima. (Neno hili lina upole wake. Mwavuli unaazimwa, na mvua ikikatika mwenyewe hukumbuka. Fungu la dharura halina mwenyewe mpaka dharura itokee.) Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika, kila kuazima nilikuwa nimekuandika, kwa tarehe na jina.

Miezi miwili baadaye alikuja kijana amevaa kandambili zisizofanana. Kaka yake alikuwa amesoma ujumbe kwenye simu yake, na alitoka nyumbani jinsi alivyokuwa. Nikamwambia fungu halina kitu kwa sasa. Alilala ofisini siku nne juu ya viti vilivyounganishwa. Siku ya tano hakuwepo, na sijui alikokwenda.

Aliyeniuliza ni dada mmoja tuliyezoea kumwita Dada Mkubwa, kwa sababu alikuwepo kabla kikundi hakijapata jina. Alinisubiri wenzetu watoke.

"Mdogo wangu, polisi wangelikuta lile daftari la pesa wangemkamata nani?"

Sikujibu.

"Basi lala nalo," akasema, akachukua mkoba wake.

Nililala nalo siku kumi na moja.

Ipo methali inayoongoza vikundi kama vyetu hata isipotamkwa: funika kombe mwanaharamu apite. Nisiwe mnafiki, kombe letu lina sababu za kweli za kufunikwa. Mhazini wa chama cha wakulima akila fedha, watu husema yule bwana ni mwizi. Mhazini wetu akila, husema hao watu ndivyo walivyo. Wapo wanaolisubiri kosa letu moja tu walibebe hadi bungeni. Kwa hiyo ndani ya kikundi, mtu akiuliza swali la fedha au la tabia ya kiongozi, yeye ndiye huulizwa kwanza: uko upande wa nani? Nami niliwahi kuliuliza hilo, tena kwa ukali, kwa mtu ambaye baadaye niligundua alikuwa sahihi kwa kila alichosema.

Gharama ya kufunika imeandikwa kwenye historia yetu wenyewe. Shirikisho la kimataifa la mashoga na wasagaji, ILGA, lilipata hadhi ya ushauri, yaani nafasi ya kusikilizwa vikaoni, katika Umoja wa Mataifa mwaka 1993. Miongoni mwa wanachama wake kulikuwa na vikundi vilivyotetea mahusiano ya kimapenzi kati ya watu wazima na watoto. Si kwamba ndani hapakuwa na waliolilalamikia jambo hilo. Walikuwepo, ila halikukatwa. Maadui wakalikata wao. Mwaka 1994 shirikisho likavifukuza vikundi vile, na mwaka huohuo hadhi ikasimamishwa. Ilirudi 2011. Miaka kumi na saba mlangoni, kwa uamuzi ambao ungeweza kufanyika mapema, kwa heshima, kabla mtu wa nje hajaushikia fimbo.

Haya niliyasoma baadaye, nilipokuwa nimevuliwa uhazini na nina muda mwingi kuliko nilivyotaka. Kisa kilichonikaa zaidi ni cha Mattachine Society, mojawapo ya vyama vya mwanzo vya mashoga Marekani, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1950 na Harry Hay na wenzake. Waliiunda kwa siri, ngazi juu ya ngazi, hata mwanachama wa chini hakuwajua walioko juu. Hofu yao ilikuwa ya haki. Marekani ya miaka ile mtu alifukuzwa kazi kwa kushukiwa tu. Lakini kufikia 1953 wanachama wakaanza kuuliza: anayetuongoza ni nani, na anawajibika kwa nani? Wakadai katiba na uongozi unaojulikana. Hay na waanzilishi wenzake, ambao baadhi walikuwa na historia ya ukomunisti, wakang'atuka mwaka huohuo.

Nilipokisoma mara ya kwanza nilikuwa upande wa wanachama. Mara ya pili nikaona kwamba baadhi ya waliopiga kelele za uwazi walikuwa wakitafuta njia ya kuwatoa wakomunisti, na swali la haki likawafaa. Mara ya tatu sikujua niko upande gani. Siri ililinda watu na ililinda makosa, kwa pazia lilelile. Ndoo yangu ya bati ilifanya vilevile: moto mmoja, karatasi za aina mbili.

Siku ya kumi na mbili niliomba kikao nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa makofi. Sikuwa nimejiandaa kwa wanawake kucheka. Si kicheko cha furaha. Mmoja wao akasema, "Kaka, wewe unadhani umetuletea habari?" Halafu yakatoka mambo ya miaka yote, na fedha nilizochukua mimi zikaonekana ni sehemu ndogo sana ya shauri.

Sehemu kubwa ilikuwa hii. Karibu ruzuku zote tulizopata zilikuja kwa mlango wa VVU. Wafadhili walihesabu wanaume wanaofanya ngono na wanaume: wangapi wamefikiwa, wamepimwa, wamepewa kondomu na vilainishi. Ripoti ilikuwa na safu zake na kila safu ilitaka tarakimu. Wasagaji hawakuwa na safu. Wanawake transjenda, yaani walioandikwa wanaume walipozaliwa lakini wanaojijua kuwa wanawake, walikuwa wakijazwa kwenye safu ya wanaume, mwaka baada ya mwaka, na aliyewajaza ni mimi. Fomu haikuwa na pengine pa kuwaweka, hivyo ndivyo nilivyojitetea. Mmoja wao alisimama akaniambia, "Mtaani natukanwa kwa jinsi ninavyojiita. Nikija hapa, nyinyi mnanihesabu kuwa kilekile wanachonitukana kwamba ndicho nilicho." Nililiandika neno hilo usiku ule ule, na bado ninalo.

Wakati huohuo wanawake hao ndio waliokuwa wakifungua ofisi na kuifunga, wakipika chai ya warsha ambazo hazikuwahusu. Nilikuwa nimeyaona hayo miaka sita. Nilikuwa nikiyaona kama tabia nzuri.

Kwa hiyo ninaposoma habari za New York mwaka 1973 sisomi tena kama mambo ya mbali. Ilikuwa sherehe ya kumbukumbu ya Stonewall, baa ya mashoga ambako watu waligoma kuonewa na polisi mwaka 1969, katika bustani ya Washington Square. Sylvia Rivera, aliyekuwa ameanzisha kikundi cha STAR pamoja na Marsha P. Johnson kuwahifadhi vijana wasio na makazi, alipanda jukwaani akazomewa na umati wa watu wake mwenyewe. Alikuwa akiwakumbusha wenzao walioko jela, ambao waliokuwa wakisherehekea hawakuwa wakiwafuata. Miaka ikapita. Desemba 2002, miezi kumi baada ya yeye kufariki, Jimbo la New York likapitisha sheria ya kuwalinda mashoga na wasagaji dhidi ya ubaguzi, bila watu transjenda. Waliambiwa wasubiri zamu yao. Zamu ilifika 2019.

Tena mwaka 2007, kwenye Baraza la Wawakilishi la Marekani, mswada wa kukataza ubaguzi kazini ulinyofolewa kipengele cha utambulisho wa kijinsia ili upite. Ukapita kwa kura 235 dhidi ya 184, na haukuwa sheria. Waliachwa njiani ili gari liwe jepesi, na gari lenyewe halikufika. Hata ungekuwa sheria nisingeuona kuwa biashara nzuri. Lakini inaniudhi zaidi kwamba wenzetu waliuzwa na bei yenyewe haikulipwa.

Kikao chetu kilivunjika saa tano usiku. Usiku huohuo ndipo lilipotokea lililo baya kuliko wizi wangu.

Tulikuwa na kundi la WhatsApp. Maneno yakaanza, wa mwenyekiti huku, wa Dada Mkubwa kule. Katikati ya matusi, mtu mmoja akatuma picha ya dada wawili wakiwa wamekumbatiana kwenye sherehe yetu, akaandika kwamba wenye makelele waangalie wasije wakaonwa na wasiopaswa kuwaona. Akaifuta baada ya dakika chache. Dakika chache zilitosha. Ilitoka kundini ikaenda ilikokwenda, na mmoja wa wale dada akatolewa kwao kwa nguvu juma lilelile. Aliyeituma alikuwa akitetea uongozi. Angeweza pia kuwa wa upande wetu; tulikuwa nao wenye ndimi hizo.

Hili ndilo ningependa anayeanzisha kikundi alijue kabla ya jambo lolote la hesabu. Katika vyama vingine watu wakigombana hutukanana, na wakizidi hupelekana mahakamani. Sisi kila mmoja ameshika maisha ya mwenzake mkononi: anajua jina lake halisi, anajua kazini kwake, anajua mama yake hajui. Na mahakama hatuna, maana kwenda kushitaki ni kujishitaki. Kwa hiyo tishio la kumwanika mwenzako haliji likipiga kelele. Linakuja kama mzaha. Tulipokuja kuandika kanuni upya, hii tuliiweka ya kwanza, juu ya kanuni za fedha: anayetishia kumwanika mwenzake, hata kwa utani, hata kama ndiye aliyeonewa, anatoka siku hiyohiyo. Tumeitumia mara mbili. Mara ya pili ilimtoa rafiki yangu.

Mwenyekiti hakuja kwenye kikao kilichofuata. Alituma barua kwamba amefuatwa na wivu na ajenda za watu wa nje, akaondoka na karibu nusu ya wanachama, pamoja na printa. Mfadhili alisimamisha ruzuku kwetu na kwao pia, kwa miezi tisa. Katika miezi hiyo hakukuwa na fungu la dharura la kuibiwa na mtu.

Wakati huo ndipo Dada Mkubwa alipoanza kunitajia Simon Nkoli. Tukisema tumekwisha, yeye humtaja. Nkoli alikamatwa Afrika Kusini mwaka 1984 kwa kupinga ubaguzi wa rangi, akashitakiwa uhaini pamoja na wenzake katika kesi ya Delmas. Alikuwa mwanachama wa GASA, chama cha mashoga kilichoongozwa zaidi na Wazungu, na chama hicho kilichojiita kisicho cha kisiasa hakikumsimamia. Na huko gerezani nako, alipowaambia washitakiwa wenzake kwamba yeye ni shoga, wapo waliotaka ashitakiwe peke yake asiwachafulie kesi. Akabaki. Wakabishana uso kwa uso, ndani ya kuta zilezile, maana hakuna aliyeweza kuhama kikundi. Aliachiwa huru 1988, akashiriki kuanzisha GLOW, chama cha mashoga na wasagaji, na Oktoba 1990 wakaandamana Johannesburg. Mmoja wa washitakiwa wale, Terror Lekota, alikuja kusema kwamba kukaa na Nkoli ndiko kulikombadilisha yeye na wenzake. Katiba ya 1996 ikakataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kijinsia.

"Umeona?" Dada Mkubwa angesema. "Hawakuwa na mlango wa kutokea, ndiyo maana walimaliza."

Nami nilipenda kumkumbusha yaliyofuata, kwa sababu hadithi zenye mwisho mzuri zinanitia shaka. Mwaka 2012, katika maandamano yaleyale ya kila mwaka ya Johannesburg, wanaharakati wa One in Nine, kampeni ya kupinga ukatili wa kingono, wengi wao wanawake weusi, walilala barabarani kuyazuia. Waliomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya wasagaji na watu transjenda waliouawa. Wakavurugana na waandaaji. Mwaka uliofuata bodi iliyoandaa maandamano hayo ikavunjwa. Katiba nzuri kuliko zote tunazozitamani ilikuwepo, na bado ikabidi mtu alale kwenye lami kuomba dakika moja kwa watu wake.

Tulitengeneza hesabu upya kwa msaada wa mhasibu ambaye si mmoja wetu, mama mmoja aliyestaafu, asiyejua lugha zetu za ndani. Nilimwogopa kwa sababu hiyo, na ilikuwa ndiyo faida yake. Shida yetu tulimwambia wazi: tukiandika majina tunawaweka watu hatarini, tusipoandika tunaiba. Alifikiri siku mbili. Kila mshiriki akapewa namba. Ufunguo wa namba na majina unakaa kwa mtu mmoja asiyegusa fedha; vocha zenye namba zinakaa kwa mwingine asiyeujua ufunguo. Mkaguzi akija anachagua namba tano bila kuambiwa zipi, na mwenye ufunguo anawapigia mbele yake: ulikuja? Ulipewa nauli kiasi gani? Jina halitajwi. Tena katika kila warsha watu wawili wasiopatana wanahesabu viti vilivyokaliwa. Hilo la wasiopatana aliliongeza yeye, akitabasamu.

Warsha ya kwanza ilikuwa na namba 40 na viti 28. Mahudhurio hewa kumi na mbili, baada ya kikao chote kile na machozi yote yale.

Lakini nisiusifu sana utaratibu. Uliingia mikononi mwa watu wenye vinyongo kama ulivyokuwa umeingia mikononi mwa wezi. Kamati mpya ilikuwa na mtu aliyekuwa na ugomvi wa zamani na kijana wetu mmoja wa kujitolea, anayejiuza usiku na kuzijua njia ambazo sisi hatuzijui. Akamdai risiti ya kila nauli. Kijana anatembea saa nane za usiku kupeleka dawa, risiti ampe nani? Aliitwa vikao vitatu. Alichoshindwa kuthibitisha ni kidogo kuliko nilichokuwa bado nadaiwa mimi, na mimi nilikuwa nimeketi pale pale kama mfano wa aliyetubu. Sikufungua mdomo. Akaondoka, na waliokuwa wakimwamini yeye hawakuja kwetu tena. Deni langu nililimaliza kwa miezi kumi na minne. Lile la kijana yule sijui linalipwaje.

Kuhusu mwenyekiti, ningependa kuandika kwamba kikundi chake kilikufa. Hakikufa. Kimefungua nyumba ya hifadhi, kitu ambacho sisi tulikizungumzia miaka sita kwenye vikao, na nimesikia kwa watu ninaowaamini kwamba inaendeshwa vizuri. Siku nilipoambiwa nilikasirika.

Mwezi uliopita alinipigia, mara ya kwanza tangu barua ile. Hakuzunguka. Wana mkaguzi anakuja, wana orodha wanaogopa kuzionyesha, amesikia sisi tuna njia. Nikamweleza ya namba na ufunguo, ya vocha, hata ya watu wasiopatana kuhesabu viti. Alicheka hapo, kicheko chake kilekile. Tulikaa kwenye simu karibu saa mbili, na kusema kweli nilifurahi. Zile mara tatu za fungu la dharura hakuzitaja.

Dada Mkubwa alikuwa ameketi kando akisubiri nimalize.

"Umemkumbusha?"

"Bado, dada."

Akaninyooshea simu yangu.